Salamu za Idi: tumemzika Mzee Ruksa, na Idi imetukuta

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu, jamaa na majirani wa karibu na mbali. Alhamdulillah, mwezi umeandama. Nawatakieni Idi njema, yenye heri, afya na baraka tele.

Ramadhani hii ya 2024 tuliiingia na msiba. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wetu wa pili tuliyemwita Mzee Ruksa, alitutoka tarehe 29 Februari akiwa na miaka 98, tukamzika Mangapwani, Unguja, na baada ya siku chache tukaanza kufunga. Ikaja tena 7 Aprili, miaka 52 tangu Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, auawe. Mwalimu Nyerere alitangulia 1999, Mzee Jumbe aliyempokea Karume 2016, Mzee Mkapa 2020. Wazee waliotulea nchi hii wanazidi kwisha, na Aprili hii ya 2024 Muungano wao wa Tanganyika na Zanzibar unatimiza miaka 60.

Mimi Mzee Mwinyi namkumbuka kwa kopo la sukari. Alipopokea nchi kwa Mwalimu, Novemba 1985, kopo la kwetu lilifungwa kwa kipande cha khanga na kukaa juu ya kabati. Chai ya sukari ilikuwa ya mgonjwa na mgeni. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Kisha ikaja ruksa. Sabuni ikaonekana dukani, mitumba ikamwagwa chini sokoni, nami Idi moja nikavaa viatu vyeusi vya kamba, kimoja kimepauka kuliko mwenzake. Mama alikipaka masizi na mafuta ya nazi mpaka vikalingana.

Wapo waliomlaumu kwa Azimio la Zanzibar la 1991, lililolegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, na Mwalimu mwenyewe hakulipenda. Mimi nasema aliikuta nchi imekauka, akafungua dirisha. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na 1995 muda wake ulipokwisha akamkabidhi Mzee Mkapa, akaenda kupumzika.

Mama alifariki mwezi wa Rajabu. Juzi nimenunua sukari ya tambi, kilo ilikuwa imepita shilingi 4,000 mtaani kwetu, nikasimama pale na mfuko mkononi nikishindwa kuondoka. Hii ni Idi yangu ya kwanza bila sauti yake jikoni alfajiri.

Ndugu zangu, tusimlilie Mzee Mwinyi kwa midomo tu. Miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, lakini alijiuzulu, kwa sababu wizara ilikuwa yake. Nani leo anayebeba kosa la walio chini yake? Baba wa nyumba, je, unalibeba? Wewe uliyeficha magunia ya sukari stoo ukingoja bei ipande, swaumu yako umeipeleka wapi? Mwenye duka, kilo iwe kilo. Mwenye cheo, kumbuka kiti kilikuwapo kabla yako. Zakatul-fitri itoke kabla ya sala, imfikie yatima na mjane, isiishie kwa shemeji mwenye uwezo. Waliogombana Shaabani wapeane mikono kesho, na atakayetangulia kumwendea mwenzake ndiye mkubwa.

Allah awarehemu wazee wetu wote, awasamehe, awaweke mahali pema. Taqabbalallahu minna wa minkum. Kullu aam wa antum bikhair, Idi Mubarak.

Tambi mwaka huu napika mwenyewe. Karibuni baada ya sala.