Shukrani kwa kijana wa ndoo ya dagaa, pantoni ya Kigongo

Kaka, jina lako hatulijui. Mwaka 2019, wakati wa kuvuka kutoka Kigongo kwenda Busisi, ulikaa karibu na bibi mmoja mnene mwenye kanga ya bluu. Huyo alikuwa bibi yetu. Tumemzika Jumamosi, Muleba.

Ulichokuwa hukijui ni hiki: babu alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996. Bibi akabaki na watoto watano na shamba la migomba. Aliuza ndizi, akauza senene wa kukaanga, akasomesha wote watano, na kwa mdomo wake ule mkali hakuna aliyethubutu kumhurumia. Ila chombo cha majini alikuwa hapandi. Siku ile alikuwa anatoka hospitali Mwanza na njia ilikuwa hiyo hiyo. Abiria walishashuka kwenye basi, yeye kashikilia kiti, kagoma.

Mimi nilimbembeleza, nikachoka. Wewe ukaweka ndoo chini, ukamwambia, "Shikamoo bibi, nishike mkono, mimi mwenyewe naogopa." Uongo mtupu, mvuvi mzima! Mkasimama hadi ng'ambo, macho kayafumba, anakugombeza kwamba mkono unanuka dagaa.

Alisimulia habari zako miaka yote. "Yule mwoga wangu," ndivyo alivyokuita. Sasa pana daraja pale, hakuwahi kulipita.

Asante sana, kaka. Senene za msimu huu tumekuwekea fungu lako, ukipita Muleba.