Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUCHUNGUZWA KWA NYUZI ZA SAUTI KABLA NA BAADA YA UPASUAJI WA GOITA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Ninaomba hospitali zote za mkoa wetu zinazopasua tezi ya shingo, za umma na za binafsi, zitakiwe kuangalia nyuzi za sauti za mgonjwa kwa kamera kabla ya upasuaji, na kuziangalia tena kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Unajua kuliko mimi kwamba neva inayoendesha nyuzi hizo hupita nyuma ya tezi, kandokando ya bomba la hewa. Ikivutwa tu, uzi hulala kwa muda, na wengi hupona ndani ya mwaka. Ikikatwa, mara nyingi uzi haurudii kazi yake. Ajali hiyo humpata hata daktari hodari, hivyo simlaumu aliyeshika kisu. Lalamiko langu linahusu yanayofuata.

Dada yangu ni mwalimu wa darasa la kwanza Mbagala. Alipotoka wodini na sauti ya pumzi tupu, aliambiwa kwamba mpira wa nusukaputi ulimkwaruza koo na kwamba atakaa sawa. (Hutokea kweli, lakini huisha baada ya siku chache.) Wiki zikapita huku akipaliwa kila anywapo chai, na darasani akawa anagonga meza kwa rula ili watoto wamgeukie. Uzi wake wa kushoto ulikuwa umepooza, na aliyeugundua ni daktari wa masikio, pua na koo wa hospitali nyingine, kwa uchunguzi wa dakika chache. Fomu ya ridhaa aliyoitia saini ilikuwa ya Kiingereza, wala hakuna aliyemweleza kwamba sauti inaweza kuathirika.

Angegunduliwa mapema, mazoezi ya sauti na ya kumeza yangeanza mapema. Ikibidi, uzi uliopooza hujazwa kwa sindano au husogezwa katikati kwa upasuaji, ili ule mzima uufikie. Uchunguzi wa kabla nao una sababu yake: wapo wanaoingia chumba cha upasuaji uzi mmoja ukiwa umeshapooza bila sauti kubadilika, na neva ya pili ikijeruhiwa, mgonjwa anaweza kukosa pumzi hadi atobolewe koo.

Pasipo na kamera, mgonjwa apewe rufaa ya maandishi kwenda kliniki ya masikio, pua na koo badala ya kuambiwa asubiri, na fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili.

Wasalaam,
Mkazi wa Temeke