Barua kwa Neema kabla hajapanda Kanyabayonga

Goma, Septemba 2021

Neema mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukinisikia nimeanza habari ya njia ya kwenda Kanyabayonga, kwenye kazi yako mpya ya uuguzi, unasema rezo haiko, mtandao umekatika, na ukifika hapa Alhamisi mama yako atakaa katikati yetu na hatutaongea kitu. Soma hii ndani ya boti ya kutoka Bukavu. Ukishuka bandarini uwe umeshaifuta ile picha.

Unajua ipi. Umevaa kizibao cha shirika, gari jeupe nyuma yako, umeandika "Kanyabayonga, nakuja". Mjomba wako alinionyesha akicheka. Mimi sikucheka. Wale watekaji wa porini siku hizi hawabahatishi. Wakishasimamisha gari wanaanza na simu: wanafungua picha, wanashuka kwenye majina, wanatafuta nani kaandikwa Papa na nani kaandikwa Boss. Mama wa maharage wanaweza kumnyang'anya kilichopo na kumwacha. Mwenye kizibao wanamwingiza msituni, kwa sababu wanajua nyuma yake kuna mtu wa kulipa dola. Halafu wanapiga kwa simu hiyo hiyo, wanakuweka ulie kidogo tusikie.

Kwa hiyo nunua simu ndogo ya vibonyezo, pale Birere zipo. Weka namba tatu tu, na hata hizo usiandike majina yetu. Namba ya mjomba wako uishike kichwani, si yangu. Ile simu kubwa nitakutumia baadaye kwa dereva ninayemjua.

Na wakikuuliza kama una baba, sema alikufa. Mama yako aliposikia neno hili aliacha ugali motoni akatoka nje, anasema ninajiitia kaburi. Acha aseme. Binti mwenye baba mwenye nyumba Goma bei yake inapanda. Wanaanza na maelfu, kisha wanashuka kadiri familia inavyoonekana haina kitu, na anayepiga simu hana haraka hata kidogo. Haraka inakuwa ya kwetu. Nimeona familia ikiuza kiwanja cha Ndosho kwa bei ya kutupa, na mwenyewe akarudi hawezi kuongea mbele ya watu.

Utaniambia mimi nilipita huko maisha yangu yote. Ndiyo, nilipita. Ndiyo maana nasema. Mpaka Rutshuru watu wanajidanganya kuwa ni karibu na mji: Kibumba, Rugari, Rumangabo. Lakini ni hapo hapo Kibumba, Februari 22 mwaka huu, walipomuua balozi wa Italia, Luca Attanasio, na mlinzi wake, na dereva. Walikuwa wanakwenda kutazama chakula cha watoto wa shule Rutshuru, na njia ilikuwa imesemwa inapitika bila msindikizaji. Dunia inamtaja balozi. Sisi wa usukani tunamtaja Mustapha Milambo. Na mwaka uliotangulia, Aprili, pale Rumangabo walikufa walinzi 12 wa mbuga ya Virunga, dereva wao na raia wanne. Hao walikuwa na bunduki, mwanangu.

Kutoka mji wa Kiwanja kwenda Kanyabayonga ndiyo mbaya zaidi, Mabenga na Rwindi, mbuga tupu kushoto na kulia. Subiri msafara wa askari, hata ukilala Kiwanja. Usikubali dereva anayesema "tutawakuta mbele". Msafara ukianza kupanda, gari zenye nguvu zinakimbia, yenye mzigo inabaki, askari wameshapotea kwenye kona. Nafasi hiyo ndiyo wanayoingojea. Kabla hujalipa nauli zunguka gari, angalia matairi, uliza kama kuna jeki na tairi la akiba. Dereva akikasirika kwa swali hilo, tafuta mwingine. Usikae mbele.

Tangu Mei 6 tunaongozwa na wanajeshi, gavana kavaa kombati, na bado watu wanachukuliwa. Usitegemee kusikia redioni kuwa njia imetulia. Uliza madereva.

Sikukatazi. Wewe ni wa kwanza kwetu kupata A1, cheti cha uuguzi, na mama yako anawaonyesha wageni cheti hicho kabla hawajakaa. Ila ungeniuliza kabla ya kusaini. Ningekuambia utafute Bukavu, ungenijibu kuwa Bukavu wauguzi wanakaa miezi bila mshahara, na ningekosa la kusema. Najua wanawake wa Kanyabayonga nao wanazaa. Nakuuliza tu, umefuta picha?

Tena usitafute lawama kwangu kuwa niliipenda njia ile. Nilipakia makala, mkaa wa mbuga, miaka na miaka, sikuuliza ni nani aliyetoza ushuru kule msituni. Pesa hiyo ilinunua risasi, na ilikulipia shule pia. Tuyaache. Gunia la makala limepanda bei tena, na mama yako hataki kusikia habari ya gesi.

Chumba chako kina ufa tangu yale matetemeko ya Mei, kutoka dirishani mpaka darini. Fundi amekuja, ametazama, amekunywa chai, amekwenda. Utalala na ndugu yako Riziki. Huyo naye ongea naye, mimi ananizoea: ada niliyompa kwa ajili ya shule sioni risiti yake, naona viatu vipya.

Samaki za sambaza kavu nunua huko huko Bukavu, uziangalie kwanza, zile za mara ya mwisho zilikuwa na mchanga. Nauli ya kupanda ninayo mimi. Usimkope mjomba wako, atatangaza mtaa mzima siku unayosafiri.

Baba yako