Barua kwa mwanangu aliye Padova, Italia

Neema mwanangu,

Salamu. Huku hatujambo, ila kaka yako kanionyesha picha yako umeshika bango na wenzako, na tangu hapo silali vizuri. Kibali chako cha kuishi huko kinakwisha lini? Nijibu hilo kwanza, mengine yafuate.

Makala uliyonitumia ya hao Waitaliano wa harakati za wafanyakazi nimeisoma yote, na nyingine nikajitafutia. Usidhani nazipinga. Nimependa walivyoanza. Mwaka 1961 Panzieri na wenzake wa jarida la Quaderni Rossi waliwafuata wafanyakazi wa viwanda vya Torino kuwauliza kazi yao ikoje, badala ya kuwahutubia. Sisi chama chetu kilituhutubia mpaka tukasinzia. Na huyo mwenzao Tronti anayesema mapambano ya wafanyakazi ndiyo yanayotangulia, mtaji unafuata nyuma ukijirekebisha, babu yako angemkubalia bila kufungua kitabu. Ya babu yako na geti la kiwanda unayajua. Ila ujue pia kwamba baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, uliokataza wakubwa kuwa na ubabe, wafanyakazi wa Mount Carmel hapa kwetu Tanzania walikishika kile kiwanda cha mpira mwaka 1973, wakaachwa waendeshe. Wengine walipoiga, walikamatwa. Serikali ni ile ile, Mwongozo ni ule ule.

Ndiyo maana nauliza kibali. Negri, mmoja wa hao wanafikra wao, alifundisha chuo hicho hicho unachosoma. Tarehe 7 Aprili 1979 walimkamata, wakasema yeye ndiye kichwa cha Brigate Rosse, lile kundi la wenye silaha, wakamtwisha na kifo cha Aldo Moro, aliyewahi kuwa waziri mkuu. La Moro likafutwa, lakini mahabusu alishakaa miaka minne na ushei, akatoka kwa kuwa mwaka 1983 alichaguliwa mbunge, kisha akakimbilia Ufaransa. Huyo ni Mwitaliano, profesa, mwenye mawakili. Wewe una karatasi ya mwanafunzi, na wakikunyang'anya hatuna mbunge wa kukutoa. Wala usiniambie wote wa Autonomia, vuguvugu la kina Negri, walikuwa malaika. Wapo walioshika bunduki, na sioni mfanyakazi wa Mirafiori, kile kiwanda cha Fiat huko Torino, alipata nini kwa risasi zile. Haki walizopata 1969 walizipata kwa kugoma.

Soma, jadili, nenda vikaoni. Unafikiri vizuri kuliko sisi wote hapa nyumbani, na majirani nimewaambia hivyo. Jina lako tu usiliandike kila karatasi inayopita mbele yako.

Makala ile ya kudai mshahara wa kazi za nyumbani nimeisoma mara mbili. Kumbe kampeni hiyo Mariarosa Dalla Costa na wenzake waliianzisha hapo hapo Padova mwaka 1972! Anayepika na kufua ndiye anayemwandaa mfanyakazi arudi kiwandani kesho, na tajiri hamlipi hata senti. Kweli tupu. Ila mwanangu, wewe wa kuniandikia hayo, wakati sufuria zako zilikuwa zinaloweka mpaka asubuhi? Dada wa kazi nimemwongezea tangu mwezi huu. Usiniulize alikuwa anapata ngapi.

Na hao wa Torino waliojipunguzia bili ya umeme mwaka 1974, wakalipa nusu, nimecheka. Wangekuja kujaribu na LUKU yetu, umeme wa kulipia kabla: ukilipa nusu unapata nusu, giza linaingia saa mbili usiku.

Bati la jikoni fundi kaliziba, linavuja pembeni sasa. Shangazi yako wa Tanga anakusalimu, anataka kujua kama unakula. Nitumie picha ya kibali, mbele na nyuma, tarehe ionekane. Ukichelewa nitampigia yule mwenzako wa Moshi mnayekaa naye, utaona aibu wewe.

Mpangaji wa chumba cha uani hajalipa mwezi wa pili huu. Kaka yako anataka nimtoe. Nimemwambia nasubiri kwanza maoni yako, ila usije ukamwandikia mpangaji mwenyewe.

Mimi mama yako.