Andikeni ni kioo gani, si kusifu mng'ao wake

Mhariri,

Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu nyumba za kupanga zinazochipuka Kilimani na kando ya Barabara ya Thika imenikera hadi nimeshika kalamu, mimi ambaye nimelisoma gazeti hili tangu ujana bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Mwandishi wenu alisifu milango ya kioo kuanzia sakafuni hadi darini, balkoni zilizozungushiwa kioo badala ya vyuma, na bafu zenye kuta za kioo. Ukurasa mzima pamoja na picha za rangi, na hakutaja popote kwamba hicho ni kioo cha aina gani. Kisha akamshauri anayejenga achague kioo kinene, eti kinene ndicho salama.

Nimekata na kufunga vioo katika jiji hili maisha yangu yote ya kazi, na nasema ushauri huo utaumiza watu. Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka wa 1959. Ni kizuri kwa dirisha dogo lililo juu. Lakini kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, kiwe cha milimita 3 au 10. Unene hukifanya kigumu kuvunjika, ni kweli, ila siku kikivunjika uzito wote huo unashuka na makali yake. Kila milimita moja ya unene ina kilo mbili na nusu kwa mita moja ya mraba. Mlango wa mita 2 za mraba wenye kioo cha milimita 10 una kilo 50, yaani mfuko mzima wa saruji.

Mlangoni panatakiwa kioo cha tempa. Hicho hupashwa moto tanuruni hadi kupita nyuzi 600 za selsiasi, kisha hupulizwa hewa kwa nguvu kipoe ghafla, ngozi yake ikajibana na kuwa imara mara nne au tano kuliko cha kawaida. Kikivunjika humwagika punje ndogo butu. Hata hivyo nacho kina mahali pake. Kwenye balkoni ya ghorofa ya saba, kikivunjika kinaporomoka chote, na mtu aliyekiegemea hana tena kizuizi mbele yake. Huko, na kwenye paa lolote la kioo watu wanapopita chini, wekeni cha laminati: vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki, ambavyo hupasuka lakini vipande hubaki vimeshikwa. Na kile chenye waya ndani, ambacho wengi hudhani ni imara kuliko vyote, waya wake ni wa kuzuia vipande visianguke moto ukizuka. Mtu akikigonga kwa mkono atakatika.

Sasa nieleze kilichonichoma. Binti yangu alipanga nyumba mpya huko Roysambu, jengo lililotangazwa kwa maneno matamu kama ya taarifa yenu. Mlango wa kwenda balkoni ulikuwa wa kusukuma kando, kioo kitupu kuanzia chini hadi juu, bila stika wala alama ya kumwonyesha mtoto kwamba umefungwa. Mjukuu wangu alikimbilia mpira akaupitia. Nilifika nikakuta damu hadi kwenye ngazi, mtoto amekwishapelekwa hospitali kushonwa mkono na paja. Nikaokota kipande kimoja. Kilikuwa kirefu kuliko kiganja changu, kina ncha kama kisu cha kuchinjia, unene wake milimita 4. Kioo cha kawaida, cha bei ya chini kabisa dukani, kimewekwa kwenye mlango wa sebule ya watu wenye watoto! Nilipompigia ajenti wa nyumba, aliniambia, "Mzee, mtoto alikuwa mtundu, mlango hauna kosa." Mtoto wa chekechea! Mwisho wa mwezi gharama ya kioo ikakatwa kwenye dipoziti ya binti yangu. Halafu wakamleta fundi kuweka kingine, naye akatandaza gunia kwenye korido, akatoa almasi yake na kukata kioo palepale mbele ya macho yangu. Mhariri, kioo cha tempa hakikatwi wala kutobolewa baada ya kutoka tanuruni. Hupimwa kwanza, kikakatwa, ndipo kikapelekwa kuchomwa. Ukikigusa kwa almasi kinamwagika chote. Kwa hiyo yeyote anayemwona fundi akikata kioo cha mlango kwenye mjengo ajue papo hapo kwamba anauziwa hatari. Nilimwambia fundi hivyo, akajibu kwamba anajua vizuri, lakini mwenye nyumba amelipia hicho. Simlaumu kijana yule. Namlaumu aliyelipa, namlaumu aliyepitisha jengo lile watu wahamie, na nawalaumu ninyi mnaopiga picha milango kama ile na kuita maendeleo.

Nairobi, kuliko miji yote, ndiyo haikupaswa kufunzwa jambo hili upya. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, watu katika majengo ya jirani walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia madirishani kutazama. Mlipuko mkubwa ukawakuta hapo. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa, na wengi wa majeruhi hao walikatwa na vioo vya madirisha ya ofisi walizokuwamo. Wako wenzetu wanaotembea na fimbo nyeupe katika jiji hili hadi leo kwa sababu ya vioo hivyo. Baada ya hayo, kioo cha laminati kilipaswa kuwa jambo ambalo kila mjenzi wa katikati ya jiji analijua kama anavyojua nondo.

Na nikiwa bado nalalamika, hebu mtazame majengo ya vioo vitupu yaliyojaa Upper Hill na Westlands. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta. Jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki na la jioni hupiga wa magharibi, mwaka mzima. Waliojenga jumba la mikutano la KICC, lililofunguliwa mwaka wa 1973, walilijua hilo, wakayaficha madirisha yake nyuma ya mihimili ya zege inayotia kivuli. Siku hizi mtu anaweka kioo cha kuakisi upande wa magharibi, wafanyakazi ndani wanashusha mapazia na kuwasha taa saa nane mchana, mitambo ya kupoza hewa inanguruma kwenye jiji lenye baridi kama hili, na jua lililoakisiwa linampiga usoni dereva aliye barabarani. Kipo kioo chenye utando mwembamba wa kupunguza joto, vipo vioo viwili vyenye nafasi ya hewa kati yao. Lakini kivuli cha zege hakihitaji umeme.

Ninachotaka ni hiki. Uingereza kanuni zao zinahitaji uangalifu kwa kila kioo cha ukutani kilicho chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni, na cha mlangoni na kando ya mlango hadi mita moja na nusu. Vipimo hivyohivyo vinatutosha. Mkaguzi wa kaunti, na wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, apewe futi ya kupimia na miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao. Mchana kweupe, ukikitazama kioo cha tempa kwa miwani hiyo kutoka upande, utaona madoa ya vivuli yaliyoachwa na hewa ya kupoza. Cha kawaida hakionyeshi madoa hayo. Kisha atafute kwenye kona muhuri usiofutika wa kioo salama. Kisipokuwa na muhuri wala madoa, mlango ung'olewe siku hiyohiyo kwa gharama ya mwenye jengo, na asipewe cheti cha kuruhusu watu wahamie. Miwani hiyo haigharimu hata robo ya bei ya mlango mmoja.

Nanyi mrudi kwenye nyumba zile mlizozisifu. Mwandishi wenu apekue kona za kila kioo cha chini, aandike jengo gani lina muhuri na lipi halina, na mchapishe kwenye ukurasa uleule mlioweka picha za rangi.

Fundi mstaafu wa vioo,
Kariobangi Kusini, Nairobi