Huyo "Mutebi" mnayemwandika ni Kabaka

Mhariri,

Mimi kwetu Bukoba ila nakaa Kampala kwa biashara, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu karibu kila asubuhi. Leo nina langu moja tu, ni hivi mnavyomtaja Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda hapa Uganda. Juzi kwenye ukurasa mmoja huo huo, juu mmeandika Mfalme Charles III, kila aya Mfalme Charles Mfalme Charles, sawa hatukatai ni mfalme, halafu chini kwenye kastori kadogo ka Uganda mkaandika "Mutebi awataka wafuasi wake". Mutebi! Kavu kavu, kama mtuhumiwa wa wizi wa pikipiki. Na hao wafuasi ndio akina nani, kwani yeye ana kanisa?

Nilimwonyesha kinyozi wangu hapa Ndeeba, ni Mganda wa Buganda, Kiswahili anakipata kiasi. Akazima mashine, akasoma taratibu, akaniuliza huyu aliyeandika walisoma wote na Kabaka? Halafu akaisema upya ile sentensi kwa namna yake, Ssabasajja Kabaka kafanya hivi na hivi, akamalizia na "awangaale", yaani aishi miaka mingi, na jamaa waliokuwa kwenye benchi wanasubiri zamu nao wakaitikia awangaale, mmoja hata macho hakutoa kwenye simu yake. Hapa ndivyo ilivyo, jina lake halitajwi tupu, linatanguliwa na kitu na mara nyingi linafuatwa na dua. Kuna Ssabasajja, kuna Omutanda, kuna Magulunnyondo, kuna Mpologoma ambaye ni simba, na kuna "bbaffe" yaani mume wetu, na hiyo wanaisema hata wanaume wenye ndevu zao na hakuna anayecheka.

Sasa msinielewe vibaya, siwaambii gazeti liandike mume wetu. Hizo ni sifa na anayezitoa ni mtu wake, gazeti la Dar litakuwa linajipendekeza tu. Ninachodai mimi ni cheo. Mara ya kwanza andikeni Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II, baada ya hapo Kabaka peke yake inatosha mpaka stori iishe, maana Buganda ana mmoja tu, ndiye huyu huyu tangu atawazwe pale Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993. Na jamani "Mfalme Kabaka Mutebi" nayo iacheni, hiyo ni sawa na kuandika Rais Prezidenti. Hiyo namba mbili mnayoiruka kila siku nayo ina kazi yake, Mutebi wa kwanza alikuwepo, alitawala karne ya 17. Kama mnaona namba ni urembo waulizeni Waskoti, mwaka 1953 walipelekana mpaka mahakamani kwa sababu Malkia Elizabeth anaitwa wa Pili wakati kwao Skotlandi wa kwanza hakuwahi kutawala.

Najua mtakachonijibu. Uganda ni jamhuri, na katiba yao ya 1995 ibara ya 246 inawaita hawa viongozi wa jadi au wa kitamaduni, kwa hiyo "kiongozi wa kimila" ni sahihi. Kisheria ni kweli, na kwenye stori ya mahakama au bunge andikeni hivyo sina neno. Ila mjue hapa mnagusa wapi. Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia Lubiri, kasri la Kabaka pale Mengo, na Kabaka Mutesa II, baba yake huyu, ambaye kabla ya hapo alikuwa pia Rais wa Uganda, akatoroka mpaka London na akafia huko mwaka 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Mwili wake ulirudishwa 1971 akazikwa Kasubi, lakini kiti kilibaki hivyo hivyo mpaka 1993. Yaani miaka yote hiyo serikali ilikuwa inasema hakuna kitu kinaitwa Kabaka. Kwa hiyo mzee wa Kiganda akiona mtoto wa Mutesa anaitwa Mutebi tu haoni kwamba ripota alikuwa anabana nafasi, anakumbuka ile bunduki.

Na sisi Watanzania tusijifanye hatujui haya mambo. Uchifu tuliufuta 1963 tukaitana Ndugu, sawa, lakini Rais Samia aliposimikwa kule Kisesa, Mwanza, Septemba 2021, magazeti yaliandika Chifu Hangaya bila kigugumizi chochote. Kumbe mnaweza mkitaka.

Mfalme wa Toro, ufalme mwingine wa hapa Uganda, naye mwacheni kumwita "mfalme mtoto". Alitawazwa 1995 akiwa na miaka 3, leo ni mwanaume wa 30 na kitu, ni Omukama (ndiyo mfalme kwao) Oyo basi.

Kingine ni habari za ugonjwa, na hapa nawaomba kabisa. Mwaka 2024 Kabaka alipokuwa Namibia kwa matibabu watu hapa walikuwa roho juu, halafu unafungua simu unakuta hedingi "Mutebi hoi". Waganda hata kufa hawasemi Kabaka amekufa, wanasema akisizza omukono, ameuficha mkono, na ule moto unaowaka kwenye lango la kasri ndio unazimwa. Watu wanaokwepa hata hilo neno, wewe unawapa "hoi"? Andikeni Kabaka anaugua, Kabaka yuko kwenye matibabu, mbona ni Kiswahili chepesi tu na hedingi inatosha.

Halafu ile picha mliyoweka mkaandika chini yake "Kasri la Mutebi" siyo kasri, ile ni Bulange, bunge lao na ofisi za Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda. Lubiri iko mwisho mwingine wa barabara ya Kabaka Anjagala, inanyooka moja kwa moja, ripota wenu akija tena aipige kwa mguu tu.

Msomaji wenu,
Ndeeba, Kampala