Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha mapango. Matembezi ya mapango ya Amboni, ukaguzi wa kamba, mafunzo ya wanachama wapya na futari ya pamoja vyote vilifanyika kama kawaida. Mnavifahamu, sitavirudia. Nitasema zaidi juu ya pango la shambani, kwa kuwa ndilo lililoleta maneno: tuvunje mahali njia inapobana ili tuendelee mbele, au tuache.

Pango hilo limo kwenye chokaa ya Tanga, chini ya shamba la mihogo na minazi. Ramani iliyobandikwa ukutani ina vituo 27, yaani alama tunazopimia kutoka moja hadi nyingine, urefu wa mita 94 na kina cha mita 11. Kazi hiyo niliisimamia mwenyewe tangu kituo cha kwanza, na ni ramani ya kuaminika. Kila pembe ilisomwa kwenda na kurudi. Masomo yalipopishana kwa zaidi ya digrii 2, kipande kilipimwa upya papo hapo. Wapo walionung'unika kwamba tunachelewesha watu. Kosa la digrii 1 tu kwenye mita 10 linakuhamisha sentimita 17, na kila kituo kinachofuata kinalirithi.

Kwenye njia nyembamba makosa mengi huletwa na mkao wa mpimaji. Kituo kikiwekwa sakafuni, jicho halifiki nyuma ya dira, na mtu huishia kukisia. Kiwekwe kwenye ncha ya jiwe ambayo uso unaifikia kutoka pande zote mbili. Tochi ya kichwani ikisogea karibu na dira, betri huvuta sindano. Ivuliwe, mwenzako aishike mbali na dira. Leza ya kupimia umbali ikipigwa kwenye ukuta unaochuruzika maji inaweza kutoa namba ya uongo, ndiyo maana tulishika kadi nyeupe kituoni. Mchoro huchorwa humo humo pangoni, kwa kipimo cha 1:200, na kila kituo kinaandikiwa umbali wa kushoto, kulia, juu na chini. Michoro iliyokamilishwa nyumbani kwa kumbukumbu niliikataa, na nitaendelea kuikataa.

Tulipima pia juu ya ardhi kwa vifaa vilevile, kutoka mdomo wa pango hadi kisimani. Ndipo ilipoonekana kwamba ukumbi wa pili uko chini ya njia ya lori la nazi, na dari yake ina unene wa mita 2.4 tu. Mwenye shamba amekwisha kuihamisha njia hiyo. Wanaouliza chama kimefanya nini mwaka huu waanzie hapo.

Sasa ule uamuzi. Mbele ya kituo cha 27 njia inashuka na kubana hadi sentimita 21. Upepo unapita, na baadhi yenu mlitaka tuvunje ukingo kwa nyundo na patasi. Kamati iligawanyika, kura yangu ikaamua: hatuvunji. Msimamo wangu ni uleule leo.

Dari ya pale si mwamba mzima. Ni mawe yaliyoshikwa na udongo, na ukingo mnaotaka uvunjwe ndio unaoyabeba. Upepo nao si ushahidi wa ukumbi mkubwa. Pango lenye matundu mawili hupitisha upepo hata kama tundu la pili halimtoshi panya. Masika, udongo ukishiba maji na majani yakioza, upepo huo unaweza kukatika na kaboni dioksaidi ikatuama kwenye mabonde ya njia. Hewa ya nje ina takriban asilimia 0.04, ikifika 3, mtu anahema bila kufanya kazi. Kiberiti kuwaka si uthibitisho wa usalama, kwa sababu moto huonyesha upungufu wa oksijeni tu. Tena anayeingia kichwa mbele kwenye njia inayoshuka akikwama, uzito wake unazidi kumkaza, na machela haipiti popote baada ya kituo cha 9. Nani angemtoa?

Kuna na popo wa matunda kwenye ukumbi wa pili. Popo wa jamii hiyo wanaoishi mapangoni hubeba virusi vya Marburg, na Kagera ilipata mlipuko 2023 na tena 2025. Sisemi popo wetu wana ugonjwa. Nasema barakoa na glavu ni lazima, na kuwasumbua kwa nyundo hakuna tija. Mwenye shamba naye alituruhusu kwa sharti kwamba tusibomoe wala kutangaza mahali. Tukilivunja sharti hilo, tumejifungia shamba hili na ya jirani zake.

Hali ya chama inasikitisha. Wanachama 43, waliolipa ada ya shilingi 30,000 ni 17. Mapato 510,000, matumizi 468,000, salio 42,000. Mkutano wa Juni ulihudhuriwa na watu 8 na akidi haikutimia. Ule wa Septemba watu 11. Waliotetea nyundo kwa sauti kubwa kwenye simu hawakufika mkutanoni kuitetea, na wengi wao hawamo kwenye orodha ya mweka hazina. Chama hakiwezi kununua kipima hewa kwa maneno.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata kipima hewa, kuzungushia mdomo wa pango uzio usiozuia popo, na kuanza pango jingine iwapo wenye mashamba wataridhia na wafadhili watapatikana.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti